Kasoro za Moyo kwa Vichanga: Pa Kuanzia ni Wodi ya Wazazi

Mwaka 2011 watafiti waliokusanya takwimu za kasoro za moyo za kuzaliwa nazo kutoka mabara mbalimbali walichapisha hesabu ambayo msomaji wa haraka angeweza kuifurahia. Kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, Asia iliripoti 9.3 wenye kasoro hizo, Ulaya 8.2, Amerika Kaskazini 6.9, na Afrika 1.9 tu. Lakini hakuna sababu ya kimaumbile inayojulikana ya kumwepusha mtoto wa Tabora au Kisumu na kasoro hizi mara nne zaidi ya mtoto wa Lyon. Moyo wa binadamu hujengwa kwa hatua zilezile popote, na hatua hizo zinapokwenda kombo hazichagui bara. Kinachotofautiana ni nani anapimwa. Tukichukua kiwango cha watoto 8 kwa kila 1,000, Tanzania, ambako huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, ingepaswa kuhesabu zaidi ya watoto 16,000 wapya wenye kasoro za moyo kwa mwaka. Wengi wao hawamo katika rejista yoyote kwa jina hilo. Baadhi wamezikwa kwa jina la nimonia, wengine wako nyumbani wakikua kwa shida na hakuna anayejua kwa nini. Hoja ya makala haya ni kwamba tumezoea kulitazama tatizo hili kutokea mwisho wake, yaani chumba cha upasuaji, ilhali hatima ya watoto wengi huamuliwa katika siku mbili tatu za kwanza za uhai. Kumpima kila kichanga kiwango cha oksijeni kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani ni hatua ya gharama ndogo, na ndiyo inayopaswa kutangulia.

Ili kuona kwa nini siku hizo ni za hatari, lazima tuanzie tumboni. Moyo huumbika kati ya wiki ya 3 na ya 8 ya ujauzito, mara nyingi kabla mama hajahudhuria kliniki hata mara moja. Mrija mmoja hujikunja, hugawanyika kuwa vyumba vinne na kuota valvu. Na mshipa mkubwa unaotoka moyoni hugawanyika kuwa miwili, aota inayopeleka damu mwilini na mshipa unaoipeleka mapafuni. Kijusi havuti hewa. Oksijeni yake hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo ana njia mbili za muda: tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, ambao kitaalamu huitwa daktasi. Daktasi ni barabara ya mchepuko, na sehemu kubwa ya damu hupita hapo badala ya kwenda mapafuni. Mtoto akishazaliwa na kulia, mapafu hufunguka, oksijeni hupanda, na daktasi huanza kujifunga; kwa mtoto aliyetimiza miezi, kazi hiyo kwa kawaida hukamilika ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa moyo mzima hilo ni jambo jema. Kwa mtoto ambaye aota yake imebanwa au mshipa wake wa mapafu umeziba, mchepuko huo ndio njia pekee aliyobaki nayo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mzuri, akalia kwa nguvu, akanyonya na kuruhusiwa baada ya saa chache, kisha akabadilika ghafla siku ya tatu akiwa nyumbani. Ugonjwa haukuanza siku hiyo. Ulikuwepo tangu mwanzo, na daktasi ndiyo iliyokuwa ikiuficha.

Kasoro zenyewe ni nyingi, na kuzitaja zote kwa pamoja kama "tundu kwenye moyo" huficha jambo la msingi, yaani muda ambao kila moja humpa mtoto. Zipo zinazompa siku tu. Mishipa mikuu miwili inaweza kubadilishana nafasi, ikawa damu yenye oksijeni inazunguka mapafuni na isiyo na oksijeni inazunguka mwilini. Aota inaweza kubanwa vibaya. Upande wa kushoto wa moyo unaweza kushindwa kukua. Zipo zinazompa miezi. Tundu kubwa kati ya vyumba vya chini hupeleka damu nyingi mno mapafuni. Mtoto huhema haraka, hutokwa jasho anaponyonya na haongezeki uzito. Tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Étienne-Louis Fallot aliyeieleza mwaka 1888, huunganisha kasoro nne, na mtoto huwa na vipindi vya kugeuka bluu. Akishaanza kutembea huchuchumaa mara kwa mara ili apate nafuu. Na zipo zinazompa miaka, kama tundu dogo kati ya vyumba vya juu, au zisizohitaji tiba kabisa, kwani matundu mengi madogo ya vyumba vya chini huziba yenyewe. Takriban robo ya watoto wote wenye kasoro za moyo wamo katika kundi linalohitaji upasuaji au tiba nyingine ya moyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hata kwa walio na muda mrefu zaidi, saa inakwenda. Tundu kubwa lisipozibwa, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa shinikizo la damu nyingi, na ikifikia hatua fulani upasuaji ambao mwanzoni ungemponya mtoto huwa hauwezekani tena. Mtoto huyohuyo, mwenye tundu lilelile, anaweza kutibika akiwa na miezi 8 na asitibike akiwa na miaka 8. Kilichobadilika katikati ni muda uliopita bila mtu kujua.

Kwa nini hatujui? Sehemu ya jibu iko katika dalili zenyewe. Weledi wa zamani wa kutambua kasoro hizi ulitegemea macho na masikio, na vyote viwili hudanganya. Jicho la kawaida huona rangi ya bluu pale tu oksijeni inaposhuka sana, na juu ya ngozi nyeusi huiona kwa shida zaidi. Anayetaka kuiona lazima atazame ulimi na fizi, na chini ya taa hafifu za wodi ya usiku hata hilo ni bahati. Stetoskopu nayo haitoshi, kwa sababu baadhi ya kasoro hatari kuliko zote hazitoi mlio usio wa kawaida katika siku za mwanzo, na vichanga wengi wazima huwa na milio isiyo na madhara. Sehemu nyingine ya jibu iko katika mazingira yetu. Mtoto anayehema haraka hupewa dawa za nimonia, mara nyingi kwa haki, kwa kuwa nimonia ni ya kawaida zaidi. Tena mapafu yaliyojaa damu kwa sababu ya kasoro ya moyo hushambuliwa kwa urahisi, hivyo mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Anayeshindwa kunyonya huambiwa ana mchango. Anayekohoa na kudhoofu hupelekwa kukatwa kimeo, na mwenye homa na kuharisha kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, na kila kituo katika safari hiyo hula wiki ambazo mtoto hana. Si haki kuitupia familia lawama yote. Familia hutafuta maelezo pale ambapo zahanati haikutoa, na zahanati haiwezi kueleza ambacho haikupima.

Kipimo chenyewe kipo, na si kigeni katika hospitali zetu. Oksimita ya kidole, iliyotokana na ugunduzi wa mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hupitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma asilimia ya oksijeni katika damu bila sindano wala maumivu. Kwa kichanga hufungwa kwenye mkono wa kulia na kwenye mguu mmoja, ikiwezekana baada ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mkono wa kulia huchaguliwa kwa sababu damu yake hutoka kwenye aota kabla ya mahali daktasi inapoingia, ilhali damu ya mguu hupita baada ya hapo. Tofauti kati ya namba hizo mbili hufichua damu inayopita njia isiyo yake. Utaratibu ulioenea husema kwamba mtoto mwenye chini ya 90 aonwe na daktari mara moja. Aliyefikisha 95 au zaidi kote kuwili, kwa tofauti isiyozidi 3, amepita. Aliye katikati hupimwa tena baada ya saa moja. Kazi nzima huchukua dakika chache mikononi mwa muuguzi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliounganisha tafiti zenye vichanga zaidi ya 229,000, ulionyesha kwamba kipimo hiki hunasa takriban watoto 3 kati ya 4 wenye kasoro hatari, na kwamba watoto wazima wanaotiliwa shaka bila sababu hawafiki 2 kwa kila 1,000. Wakipimwa baada ya saa 24 hupungua na kuwa mmoja kwa kila 2,000. Nchini China, utafiti wa mwaka 2014 wenye vichanga zaidi ya 120,000 ulionyesha kwamba oksimita ikiunganishwa na kusikiliza moyo hunasa asilimia 93 ya kasoro hatari. Marekani ilikiingiza kipimo hiki katika orodha ya kitaifa ya vipimo vya vichanga mwaka 2011, na uchambuzi wa mwaka 2017 ukakuta kwamba katika majimbo yaliyokifanya kuwa lazima, vifo vya watoto wachanga kutokana na kasoro hatari vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Pingamizi zito zaidi huja hapa, nalo halipaswi kukwepwa: Marekani ina vyumba vya upasuaji vinavyomsubiri mtoto aliyenaswa, sisi tutampeleka wapi? Kumwambia mama kwamba mwanawe ana kasoro isiyotibika nchini, je, si ukatili? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mtoto ambaye upande wa kushoto wa moyo wake haukukua anahitaji mfululizo wa operesheni ngumu ambazo hospitali nyingi duniani haziziwezi, na kumtambua mapema kwetu leo hakumhakikishii uhai. Lakini mtoto huyo hawakilishi kundi zima. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, hufanya upasuaji wa kufungua kifua kwa watoto na kuziba matundu kwa mtambo wa kupita kwenye mishipa, huku wagonjwa ambao zamani walilazimika kupelekwa India wakitibiwa Dar es Salaam. Uganda ina Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, na Kenya ina vituo vya serikali na vya binafsi. Tatizo la vituo hivi haliko katika uchache wake tu. Liko pia katika hali ya watoto wanaovifikia, ambao wengine huja wakiwa wamedhoofu mno au mapafu yao yakiwa yamekwisha kukakamaa. Mtoto aliyetambuliwa siku ya pili hufika akiwa na uzito, lishe na mapafu yanayohimili kisu, na upasuaji huohuo humpa nafasi kubwa zaidi.

Tena historia ya tiba hii yenyewe inawapinga wanaosema tujenge kwanza vyumba vya upasuaji ndipo tutafute wagonjwa. Helen Taussig alianza kuongoza kliniki ya moyo ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1930, wakati ambapo hakuna daktari yeyote aliyeweza kuwafanyia upasuaji watoto wa bluu. Aliwachunguza, akatenganisha kasoro moja na nyingine, na akagundua kwamba baadhi yao walizidiwa pale daktasi ilipojifunga. Kutokana na ugunduzi huo lilizaliwa wazo la kuwatengenezea daktasi ya bandia. Vivien Thomas, fundi Mwafrika-Mmarekani wa maabara, aliibuni njia ya kuifanya, na Novemba 1944 daktari Alfred Blalock akaifanya kwa mtoto kwa mara ya kwanza. Kujua kulitangulia uwezo, na ndiko kulikouzaa. Hali ni hiyohiyo katika kupanga bajeti. Nchi inayoamini ina kasoro chache za moyo itasomesha wapasuaji wachache wa moyo wa watoto na kununua mashine chache za eko, yaani za kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti. Kwa hiyo idadi ndogo inayoripotiwa Afrika huzaa huduma ndogo, na huduma ndogo nayo hurudi kuidumisha idadi hiyo. Mduara huo hauwezi kukatwa kutokea upande wa upasuaji pekee.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu. Utafiti wa mwaka 2020 katika hospitali za Marekani ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi oksimita zilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kwa sababu rangi ya ngozi huathiri mwanga unaopita. Kifaa kinachoweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa mtu mweusi kinahitaji tahadhari Afrika kuliko kwingineko. Pia miji iliyo juu ya mita 1,500, kama Mbeya, Njombe au Nairobi, ina hewa nyepesi, na kiwango cha kawaida cha oksijeni hapo ni cha chini kidogo kuliko Tanga au Mombasa. Viwango vilivyowekwa kwa ajili ya pwani vinaweza kuwatia shaka watoto wazima wa nyanda za juu. Yote haya ni kweli, na yanadai tupime vichanga wetu wenyewe, katika miinuko yetu wenyewe, tuweke viwango vyetu, na tununue vifaa vilivyojaribiwa kwenye ngozi nyeusi. Hayatoi hoja ya kutopima. Mbadala wa oksimita katika wodi nyingi ni jicho la muuguzi aliyechoka, na ngozi hiyohiyo inayoitatiza oksimita huitatiza zaidi jicho. Kuhusu mama wanaoruhusiwa mapema, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi Tanzania ulifanyika katika vituo vya afya. Palipo na msongamano, kupima kabla ya saa 24 kutaongeza wanaorudiwa kupimwa, lakini bado ni bora kuliko kumwachia mtoto aondoke bila namba yoyote kwenye kadi yake.

Wengine watasema kipaumbele ni kwingine. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta vichanga 24 kwa kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza mwezi, na wauaji wakuu ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Kwa nini fedha chache ziende kwenye ugonjwa wa wachache? Jibu la kwanza ni kwamba kipimo hiki hakibagui. Kichanga mwenye nimonia, maambukizi ya damu au shinikizo la mishipa ya mapafu naye hushuka oksijeni, na katika tafiti za upimaji huu, sehemu kubwa ya watoto waliotiliwa shaka na kukutwa hawana kasoro ya moyo walikutwa na magonjwa mengine yaliyohitaji tiba ya haraka. Oksimita inayonunuliwa kwa ajili ya moyo ni oksimita ya wodi nzima, njiti wakiwemo. Jibu la pili ni kwamba kadiri nchi inavyodhibiti malaria, kuharisha na surua, ndivyo sehemu ya vifo vya watoto inayotokana na kasoro za kuzaliwa nazo inavyokua, kwa sababu kasoro hizo kwa sehemu kubwa hazizuiliki kwa chandarua wala chanjo. Duniani, kwa makadirio ya mwaka 2017, kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ziliua watu zaidi ya 260,000, na takriban 180,000 kati yao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye kasoro hizi sasa hufika utu uzima. Pengo hilo kati ya dunia mbili halikuletwa na maumbile.

Wapo pia wanaotaka kinga itangulie tiba, na kwa kiasi fulani wako sahihi. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alihusisha mtoto wa jicho na kasoro za moyo za vichanga na rubela waliyougua mama zao katika ujauzito. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na kila msichana aliyechanjwa ni hatua ya kinga. Kudhibiti kisukari kabla ya ujauzito, kuacha pombe, na kubadilishiwa baadhi ya dawa za kifafa kwa ushauri wa daktari hupunguza hatari. Watoto wenye hali ya Down wanastahili kupimwa moyo wote, kwani karibu nusu yao wana kasoro. Lakini kasoro nyingi hazina sababu moja inayoweza kuonyeshwa kidole, na mpango unaotegemea kinga pekee utawaacha wengi nje. Mbaya zaidi, humwelekezea mama lawama asiyostahili, katika jamii ambamo mtoto mgonjwa tayari humletea minong'ono ya mkosi na laana.

Kipimo bila mnyororo nyuma yake kitabaki kuwa namba kwenye karatasi, na ndiyo maana hoja hii haiishii kwenye oksimita. Mtoto aliyetiliwa shaka anahitaji eko katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na picha zinaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali. Anahitaji prostaglandini, dawa iliyojulikana tangu miaka ya 1970 kwa uwezo wa kuifungua tena daktasi na kumnunulia mtoto siku za kusafirishwa. Dawa hiyo haipaswi kukosekana katika hospitali inayopokea vichanga mahututi. Anahitaji gari lenye oksijeni na muuguzi anayejua njiani afanye nini, pamoja na utaratibu wa kulipia ambao hauigeuzi familia kuwa wachangishaji wa harusi iliyopinduka. Na kwa yule mtoto mmoja kati ya wanne wenye kasoro hatari ambaye oksimita itamkosa, kliniki ya mama na mtoto lazima iwe wavu wa pili: mhudumu anayepima uzito ajue kuuliza kama mtoto hutoka jasho anaponyonya, ahesabu pumzi na kushtuka zikifika 60 kwa dakika, na aguse mapigo kwenye nyonga. Mambo haya yatadai miaka na fedha. Oksimita ya wodi ya wazazi haidai miaka, na ndiyo itakayotuambia kila kiungo kingine kinatakiwa kuwa na ukubwa gani: eko ngapi kwa kila mkoa, chupa ngapi za dawa, wapasuaji wangapi wa kusomesha. Nchi inayopima kila kichanga itapanga kwa hesabu yake yenyewe. Isiyopima itaendelea kupangia watoto 1.9 kwa kila 1,000, na kuzika waliobaki kwa majina ya magonjwa mengine.